Kuzunguka Ghuba ya Speke kwa gari ukiwa peke yako: Mwanza, Bunda, Kisorya hadi Nansio

Kutoka Mwanza hadi Nansio kwa meli ni safari ya saa chache. Njia ninayoielekeza hapa inakwenda huko huko kwa kuzunguka. Unatoka Mwanza kwa barabara kuu ya Musoma, unapita Magu na Lamadi, unafika Bunda, unakata kushoto kuelekea Bulamba, Kibara na Kisorya, kisha unavuka kwa kivuko hadi Rugezi na kumalizia Nansio, Ukerewe. Ni zaidi ya kilomita 230, na karibu muda wote Ziwa Victoria liko mkono wako wa kushoto, mara karibu kabisa, mara limejificha nyuma ya mashamba na vilima vya mawe.

Hadi Bunda ni barabara ya mabasi na malori, ina kila kitu. Kipande cha baada ya Bunda ndicho ninachokiandikia hasa: rasi ndefu ya wavuvi na wakulima, gari chache, gesti za kuhesabu, na mtandao wa simu unaokuja na kupotea. Ni sehemu nzuri sana, na mtu mmoja anaweza kuipita salama akijipanga.

Kujipanga kwenyewe kunaanzia hapa: ukiwa peke yako kwenye ufukwe huu, kinachokulinda ni kujulikana. Taili spea ni lazima, lakini mama ntilie wa Lamadi, fundi wa pancha wa Bunda na mwenye gesti wa Nansio wanaojua umepita saa ngapi na unaelekea wapi watakufaa kuliko spea mbili. Hatua karibu zote zilizo hapa chini zinarudi kwenye jambo hilo.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mvua, mwezi na gulio

Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli ni Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kukimbilia, kwa sababu vijia vya kushuka ziwani vinakuwa vikavu. Ziwani kwenyewe radi na dhoruba hupenda usiku na alfajiri, wakati nchi kavu hunyeshewa zaidi mchana na jioni. Usishangae basi ukiamka Kisorya ukakuta mawingu meusi juu ya maji, na saa nne jua kali.

Kuhusu mwezi: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikishakuwa kali wavuvi wa dagaa wanapumzika, na mialo, yaani sehemu za ufukweni wanapopakulia samaki, inapoa. Ukitaka kuona taa zimejipanga ziwani usiku na dagaa zikianikwa asubuhi, nenda karibu na mwezi mwandamo. Ukitaka utulivu na maongezi marefu na watu wasio na haraka, nenda mwezi ukiwa mpevu. Binafsi nachagua giza.

Gulio liulizie kwa mwenye gesti unapopanga chumba. Siku ya gulio kivuko kinajaa, na utaona chini kwa nini hilo ni zito.

Hatua ya 2: Andaa gari ambalo mtu mmoja anaweza kulihudumia

Gari dogo linatosha ukibaki kwenye barabara kuu. Kipande cha Bulamba hadi Kisorya, kilomita 51, kilijengwa kwa lami. Tatizo ni vijia vya kwenda mialoni: mchanga, au ule udongo mweusi wa mbugani ambao mvua moja tu inaufanya ushike tairi hadi kwenye ekseli. Kama gari lako ni la chini chini, liache juu barabarani ushuke kwa miguu au kwa bodaboda.

Kabla ya kuondoka, badilisha tairi nyumbani mwenyewe, kuanzia kulegeza nati hadi kukaza. Nati nyingi hukazwa kwa mashine pale gereji, na spana fupi inayokuja na gari haizilegezi kwa nguvu ya mtu mmoja. Beba spana ndefu au kipande cha bomba cha kurefushia. Beba pia kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, maana mchangani jeki inazama. Ongeza pampu ya upepo, waya wa kuvutia, maji ya rejeta lita tano, tochi ya kuvaa kichwani, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto na sanduku la huduma ya kwanza. Vitatu hivi vya mwisho trafiki naye atakuuliza.

Jaza tangi Mwanza, ongeza Bunda hata kama mshale bado uko juu. Mbele ya hapo utakuta mafuta ya kwenye chupa kando ya barabara. Ni ya kukuokoa ukikwama, usiyaweke kwenye mpango.

Hatua ya 3: Acha njia yako mikononi mwa watu wawili

Mmoja wa Mwanza, mmoja wa nyumbani kwenu. Waandikie namba ya gari, rangi yake, majina ya vituo, namba ya simu ya gesti ya Bunda na ya Nansio. Kubalianeni vituo vya kupiga simu: Lamadi, Bunda, Kisorya kabla ya kuvuka, Nansio baada ya kufika. Halafu wekeni saa ya mwisho. Mimi naweka saa mbili usiku: nisiposikika hadi hapo wanaipigia gesti, na gesti ikisema sijafika wanapiga 112, polisi.

Ujumbe wa maandishi unapenya mahali ambapo simu inakatika, kwa hiyo andika. Ukiweza, kuwa na laini mbili za mitandao tofauti na pawabenki iliyojaa.

Pesa ya simu inafanya kazi karibu kila kijiji, lakini wakala anaweza kukosa salio la kukutolea. Beba taslimu, noti ndogo ndogo, zigawe sehemu mbili.

Hatua ya 4: Mwanza hadi Bunda, siku ya kwanza

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanza jua linachomoza na kuzama karibu saa moja kasoro, kwa hiyo mtu aliyezoea saa za Dar es Salaam anadhani amechelewa wakati bado ni giza. Jioni faida inarudi kwako, ila usiitumie kuendesha: kuanzia saa kumi na moja ng'ombe wanarudi zizini, na barabara ya Magu ni yao. Baada ya giza yanaongezeka malori ya samaki na baiskeli zisizo na taa. Weka kanuni moja tu, gari liwe limeegeshwa saa kumi na mbili jioni.

Ukipita Igoma kabla ya foleni, Kisesa iko kama kilomita 20 kutoka mjini. Hapo ndipo penye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na padri Mkanada, David Clement. Nenda uone ngoma za watemi; zinakueleza nchi unayoipita vizuri kuliko ramani. Mwenye muda aulizie pia njia ya Kageye, kijiji cha ufukweni alikopiga kambi mvumbuzi Mzungu, Stanley, mwaka 1875 kabla ya kulizunguka ziwa kwa mashua. Speke, Mwingereza ambaye ghuba imebeba jina lake, alikuwa ameshaliona ziwa hili upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858.

Kwa salamu, hadi Lamadi Kisukuma kinafungua milango. Asubuhi sema "Mwangaluka", mchana na jioni "Mwadila". Hata ukiishia hapo ukarudi kwenye Kiswahili, mzee aliyekaa kivulini ataanza kukuuliza habari za ulikotoka, na wewe utakuwa umepata wa kumwuliza habari za njia.

Kwenye kila kijiji shusha hadi 50. Trafiki wenye tochi za kupima mwendo hukaa pale pale unapodhani kijiji kimeisha, na kosa moja ni shilingi 30,000 zinazolipwa kwa namba ya malipo. Usimpe mtu mkononi. Zaidi ya faini kuna watoto wa shule, ambao asubuhi wanatembea pembeni kabisa ya lami.

Lamadi simama. Kunywa supu, pumzika, piga simu ya kwanza. Baada ya hapo unapita lango la Ndabaka, mwisho wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti, na barabara kuu iko nje ya lango kwa hiyo hulipi kitu. Wanyama hawajui mpaka huo. Nyani, pundamilia na nyumbu huvuka, na tembo wa Bunda ni wa kweli. Ukiona wanyama barabarani, punguza, usipige honi, usishuke kupiga picha. Mtu mwenye wenzake garini anaweza kuambiwa "rudi ndani!", wewe hakuna wa kukuambia.

Lala Bunda. Najua wapo watakaokushauri uunganishe hadi kivukoni siku hiyo hiyo, na kwa kilomita inawezekana. Lakini utakipita kipande kizuri kuliko vyote ukiwa na macho mazito, na utafika Kisorya ukiwa na hofu ya kukosa kivuko.

Chagua gesti yenye ukuta, mlinzi na maegesho ndani. Kwa dada anayesafiri peke yake naongeza: omba kuona chumba kabla ya kulipa, jaribu komeo kwa mkono wako, na jitambulishe kwa mama au dada wa jikoni kabla ya mtu mwingine yeyote. Jikoni ndiko kunakojulikana nani ni nani hapo ndani.

Hatua ya 5: Bunda hadi Kisorya

Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, uliza hali ya njia stendi kwa madereva wa Kibara na Kisorya. Wamepita jana, habari zao ni mpya kuliko za ramani ya simu. Waulize mambo matatu: njia ikoje, kivuko kinafanya kazi leo, na cha kwanza kutoka Kisorya ni saa ngapi. Kisha rudi nyuma kwa hesabu. Umbali ni kama kilomita 85, lakini siku hii haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa saa ya kivuko. Jipe nusu siku nzima.

Kuanzia Bulamba utaona mihogo, mtama, mitumbwi iliyopinduliwa kupakwa lami, na mawe makubwa yaliyopandana. Huku ni kwa Wajita, na mbele Wakerewe na Wakara wamechanganyika nao. Kibara ni kituo cha kula. Agiza sato na ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa; ni mzito, unakaa tumboni hadi jioni.

Ukikwama, weka pembetatu, kaa karibu na gari, subiri. Usiache gari ukaenda kutafuta fundi mwenyewe. Bodaboda wa kwanza atakayepita atasimama, na yeye ndiye wa kumtuma. Mpe nusu ya nauli, nyingine akirudi na fundi.

Swali utakaloulizwa kila mahali ni "Uko peke yako?" Mara nyingi ni ukarimu. Jibu kwa kutaja unakosubiriwa: "Mwenyeji wangu yuko Nansio, ananisubiri leo jioni." Ndiyo maana upange gesti ya Nansio mapema, ili jibu hilo liwe kweli.

Hatua ya 6: Kushuka mwaloni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi wanapokosana na wenyeji bila kujua kwa nini.

Fikiria mwalo mdogo, mitumbwi michache, vibanda vya mabati. Linatokea gari lisilojulikana, ndani mtu mmoja, kavaa vizuri, anatazama huku na huku, anatoa simu anaanza kupiga picha. Kwa wavuvi huyo ni mtu wa doria. Maofisa wa kuzuia uvuvi haramu wanakuja hivyo hivyo, na nyavu zikikamatwa zinachomwa moto. Watu watanyamaza, wengine wataondoka, na kijana mmoja atakufuata kukuuliza kwa ukali unatafuta nini. Hapo hujafanya kosa lolote, ila hujajulikana.

Kwa hiyo egesha juu, mbali na maji, mahali gari linaonekana na watu. Shuka ukiwa mikono mitupu. Msalimie mtu mzima wa kwanza utakayemkuta: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu. Umetokea wapi?" "Natokea Mwanza mama, natembea tu kuona ziwa, naelekea Nansio. Naomba unielekeze kwa viongozi wa BMU." Kila mwalo una BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, na kina mwenyekiti na katibu. Ukikosa hao, ulizia mwenyekiti wa kitongoji. Sema jina lako, unakotoka, na kwamba utakaa hapo saa moja. Maneno hayo yanazunguka mwalo mzima kabla hujamaliza kuyasema, na kuanzia hapo wewe ni mgeni wao. Gari lako linalindwa bila kuombwa.

Sasa tazama. Mitumbwi ya dagaa inarudi asubuhi na mapema. Dagaa zinapimwa kwa ndoo, kina mama wanazibeba na kuzimwaga kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa juu ya mchanga au kwenye vichanja. Wanazitawanya kwa mikono hadi zisilaliane, kisha wanazigeuza jua likipanda. Saa mbili bado zinang'aa rangi ya fedha na kuteleza. Saa nane ukizishika zinavunjika. Korongo wamesimama pembeni wanasubiri zitakazoanguka. Likipita wingu kila mtu anatazama juu, kwa sababu dagaa ikilowa bei yake inaporomoka na kuishia kuwa chakula cha kuku. Ukikuta wingu hilo limefika na watu wanakimbilia kukusanya, weka simu mfukoni uwasaidie.

Picha ni baada ya ruhusa, na mtu akikataa basi.

Mambo mawili ya kukataa kwa upole. La kwanza, usinunue sangara aliye chini ya sentimita 50, hata akiwa wa bei ya kutupa. Kisheria sangara wa chini ya hapo haruhusiwi kuvuliwa, na kwenye kizuizi cha ukaguzi barabarani utakayeulizwa ni wewe. La pili, usibebe kifurushi cha mtu. Mtu mmoja mwenye gari tupu anaombwa mizigo mingi, na kwenye ufukwe huu kifurushi kidogo kinaweza kuwa mabondo, vile vibofu vya sangara vyenye thamani kubwa sana na vinavyosafirishwa kwa vibali. Sema "Samahani kaka, gari si langu, nimekatazwa mizigo" kama limeazimwa kweli; kama ni lako, sema tu hubebi.

Na maji yenyewe. Usiogelee ufukweni wala kuosha miguu kwenye matete. Kichocho kiko kando kando ya ziwa hili lote, na konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, pale pale panapoonekana pazuri pa kukaa. Mamba na viboko wapo pia. Wenyeji wanajua ni sehemu gani, waulize. Usiku lala ndani ya chandarua.

Hatua ya 7: Kivuko, Kisorya hadi Rugezi

Fika mapema, panga foleni, kata tiketi ya gari na yako. Piga simu ya tatu hapo. Wakati wa kuingiza gari fuata mikono ya mfanyakazi wa kivuko peke yake. Kila abiria atakuelekeza, usiwasikilize. Ukishaegesha, vuta handbreki, weka gia, shusha vioo, toka nje ya gari. Usibaki umekaa ndani hata kama kuna baridi ya asubuhi. Angalia jaketi okozi ziko wapi, simama karibu na uwazi.

Kama kimejaa kupita kiasi, usipande. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Bwisya, kisiwani Ukara, kikitoka Bugolora siku ya gulio, kimebeba watu wengi mno. Walikufa zaidi ya watu 220. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Familia za visiwa hivi bado zinawalilia ndugu zao kila mara habari hizo zinapotajwa. Aliye peke yake ana uhuru mmoja: hakuna anayemharakisha. Kivuko kingine kitakuja, na kikichelewa, unalala Kisorya.

Hatua ya 8: Ukerewe na kurudi

Kutoka Rugezi hadi Nansio ni mwendo mfupi. Fika, jitambulishe, piga simu ya mwisho. Kisiwa kinaenea vizuri kwa siku mbili: panda kilima cha Handebezyo uone ziwa na visiwa pande zote, pita Bukindo kwenye jumba la watemi, nunua machungwa barabarani. Ukitaka kwenda Ukara kuona jiwe linalocheza, acha gari Bugolora mahali palipolindwa uvuke kwa miguu. Ukara ni ndogo, bodaboda inatosha, na utapenda kuona jinsi kila kipande cha ardhi kilivyolimwa na kutiwa samadi.

Kurudi, nashauri njia ile ile. Wale uliowasalimia ukienda watakusimamisha ukirudi, na safari hii hutakuwa na maelezo ya kutoa. Gari likigoma kabisa Nansio, liache kwa fundi aliyependekezwa na mwenye gesti, panda meli ya abiria hadi Mwanza na uje na spea.

Ukifika nyumbani waarifu wale watu wawili, wasiendelee kusubiri. Kama uligusa maji ya ziwa kwa namna yoyote, nenda hospitali wiki 6 hadi 8 baadaye ukapime kichocho na upewe prazikwanteli ikihitajika. Ukienda mapema zaidi minyoo bado ni michanga na dawa haiiui vizuri.